Hiari na Amri katika Maendeleo ya Jamii

Yako maneno yaliyo kama jembe kuukuu. Mpini wake umelainika kwa kushikwa na wengi, lakini bapa limelika hata halikati tena ardhi. Maneno "maendeleo ya jamii" ni miongoni mwa hayo. Twayasikia katika baraza la chifu, twayasoma juu ya mabango yaliyosimamishwa kando ya barabara, na wanafunzi huyaandika katika insha zao bila kusita. Ukimwuliza mwanafunzi maana yake, aghalabu atakuhesabia vitu: shule, zahanati, kisima, daraja, umeme. Hakukosea, ila amejibu swali jingine. Ametaja matunda, nasi tulimwuliza habari za mti.

Tufanye kwamba tajiri mmoja mgeni alikuja usiku, watu wakiwa wamelala, akasimamisha zahanati katikati ya kijiji, naye akaondoka kabla ya jogoo kuwika. Asubuhi watu wangeamka wakakuta dawa, vitanda na bati linalong'aa. Je, jamii ile imeendelea? Hapana shaka imepata zahanati, na kupata zahanati si jambo dogo kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Lakini wale watu wenyewe, baina yao, wako vile vile walivyokuwa walipolala. Ikiwa walikuwa hawawezi kukutana na kukata shauri pamoja, hata sasa hawawezi. Bati likitoboka watamngojea tajiri yule arudi usiku mwingine.

Lugha yetu yatufunza jambo hapa. Twasema watu wameendelea, kama tusemavyo wametembea au wameamka. Hakuna awezaye kutembea kwa niaba ya mwenziwe. Kweli, twasema pia "kuendeleza", na mtu huweza kuamshwa na mwingine. Lakini hata akiamshwa, kuamka ni kwake yeye. Mwalimu Julius Nyerere aliandika mwaka 1968, katika maandiko yake juu ya uhuru na maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, yeye akiwa bado rais, wakulima wengi wa Tanzania walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa kukaa katika vijiji vipya, na wengine waliviacha nyuma vibanda vyao vikiteketea. Simtaji ili kumshitaki marehemu. Namtaja kwa sababu kama mtu aliyeliona jambo hili waziwazi namna ile aliweza kutawala nchi iliyoteleza juu yake, basi si jambo jepesi kama tunavyolidhani darasani.

Mimi mwenyewe niliteleza mapema zaidi.

Nilipokuwa mvulana wa darasa la nane, mwaka 2003, kijiji chetu kiliazimu kujenga zahanati. Ile iliyokuwapo ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto wetu, kama mito mingi ya Ukambani, ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, kisha siku moja hujaa ghafula ukachukua mbuzi na watu. Basi haja ilikuwa ya kweli, wala hakuna aliyeipinga. Kamati ikachaguliwa, ikakata shauri kwamba kila nyumba itoe shilingi 500. Mimi nilipewa daftari kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yangu ilikuwa kupiga mistari, kuandika majina upande wa kushoto na fedha upande wa kulia, na kila Jumapili alasiri kuyasoma kwa sauti majina ya wasiotoa.

Nakiri kwamba niliipenda kazi hiyo. Kijana wa miaka 14 akisimama mbele ya wazee, na wazee wakainamisha vichwa kwa kusikia majina yao, hujiona ameongezwa kimo.

Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo jina la mama mmoja mjane, jirani yetu. Hakuwa na shilingi 500. Lakini kila alfajiri, waashi walipokuwa wakijenga msingi, yeye alifukua mchanga wa mto, akangoja maji yajikusanye, akayachota kwa kata, akabeba mtungi mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, akayamimina katika pipa la mafundi. Saruji haikandwi kwa mate. Maji yale ndiyo yaliyounganisha mawe ya zahanati ile, nami nilimwona kwa macho yangu kila siku nikienda shuleni. Daftari langu, hata hivyo, halikuwa na safu ya maji. Lilikuwa na safu ya fedha tu.

Jumamosi moja kamati ilizunguka nyumba kwa nyumba, nami nikifuata nyuma na daftari kwapani. Kwa mjane yule hapakuwa na fedha, basi wakamkamata mtetea wake, nao vifaranga wakabaki wakilia uani. Kuku akauzwa sokoni kwa shilingi 180. Nikaandika 180 upande wa kulia, na chini yake nikaandika baki, 320. Yule mama hakupiga kelele wala hakubisha. Walipokuwa wakimfunga kuku miguu hakuwatazama wazee, alinitazama mimi, akasema, "Mwanangu, kwani wewe hukuniona?"

Nikainamia daftari langu kana kwamba kuna hesabu iliyonishinda.

Zahanati ilifunguliwa mwaka uliofuata kwa ngoma na hotuba. Ipo hata leo, na imetibu wengi. Ndugu yangu mdogo aliponea malaria humo. Ila mjane yule hakuingia. Alipougua aliendelea kuvuka mto kwenda ile ya zamani. Nilikuwa nimekwisha fika kidato cha tatu nilipopata ujasiri wa kumwuliza sababu. Akanijibu bila hasira, "Ile ni ya wenye daftari." Vitu vilikuwa vimeongezeka kijijini, na jamii ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja.

Nilipoingia chuo cha ualimu nilianza kusoma habari za kale za wilaya yetu, nikagundua kwamba kuku yule alikuwa na wazazi na mababu. Miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imeparuzwa na mvua hata udongo mwekundu ukawa unakwenda baharini kila msimu. Mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya uharibifu huo, akaieleza nchi ya Wakamba kama mfano wa kutisha. Dawa iliyoamuliwa ilikuwa kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa nguvu. Ndipo maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walipokwenda Nairobi kwa miguu wakakaa huko majuma kadha wakitaka kusikilizwa na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishwa akapelekwa Lamu. Lakini uuzaji wa lazima ukaachwa.

Yafaa tuseme kweli: udongo ulikuwa ukipotea. Wakubwa wale hawakuwa wakisema uongo juu ya udongo. Makosa yao yalikuwa katika kudhani kwamba mwenye kuijua dawa amekwisha pata ruhusa ya kumshika mgonjwa pua.

Baada ya ng'ombe yakaja matuta. Amri ilitoka kwamba watu wachimbe kwa zamu, mchana kutwa, chini ya usimamizi wa machifu. Huko Murang'a sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake, nao mwaka 1947, baada ya mkutano mkubwa wa siasa, kazi ikaachwa. Mwaka 1948 wanawake wakatoka tena hadharani kuipinga. Haikuwa kwa sababu hawakupenda mashamba yao. Mwanamke aliyekuwa akilima kilima kwa miaka 20 aliujua udongo wake kuliko afisa yeyote. Alichokataa ni kuchukuliwa mikono yake bila kuulizwa, kisha kuambiwa kwamba ni kwa faida yake.

Sasa tazama jambo lililotokea baadaye Machakos, kwa kuwa hapa ndipo ninapoiona hoja yangu ikisimama kwa miguu yake. Tangu zamani Wakamba walikuwa na desturi ya kuitana kusaidiana kazi, iitwayo mwethya. Wakikuyu wana ngwatio, Waluo wana saga, na Kiswahili chenyewe kina neno ujima. Nadhani hakuna kabila la wakulima katika nchi yetu lisilokuwa na jina la jambo hili. Katika miaka ya 1950 kazi ya matuta ilianza kufanywa kwa njia ya mwethya. Vikundi vilichagua viongozi wao, vingi vikiwa vya wanawake, wakaamua wenyewe waanze shamba la nani na wamalizie la nani. Matuta ni yale yale, majembe ni yale yale, jua ni lile lile. Lakini nyanya yangu, aliyechimba akiwa msichana, alinisimulia kwamba walikuwa wakiimba toka alfajiri hata saa nne, na kwamba kikundi cha bonde la pili kikisikika kimewatangulia, walichukizwa kama watu walioibiwa.

Na matuta yenyewe si kazi ya mzaha. Yako yale yanayoitwa "fanya juu", jina ambalo wataalamu wa nchi nyingine wamelichukua vile vile lilivyo. Mtu huchimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na kila sepetu ya udongo huirusha juu, upande wa mlimani, ili pajengeke ukingo. Kurusha udongo juu ni taabu kuliko kuutupa chini. Mgongo huliambia jambo hilo kabla ya saa moja kupita. Lakini mvua ikija, udongo ulioteremka huzuiwa na ukingo, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe mpaka linakuwa kama ngazi. Palipandwa majani juu ya ukingo, na migomba mtaroni. Kazi hii haina mwisho, maana tuta lisilotunzwa hubomoka. Kwa hiyo askari aweza kukulazimisha uchimbe tuta siku moja, lakini hawezi kukulazimisha ulitunze kwa miaka 30, isipokuwa awekwe askari katika kila shamba, na askari mwingine wa kumlinda yule.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mahali pengi matuta yaliachwa kwa muda, kwa kuwa yalikuwa yananuka ukoloni. Kisha, katika miaka ya 1970 na 1980, watu wakayarudia bila kuamriwa, wakachimba mengi kuliko yaliyochimbwa kwa amri. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni iliyokuwa sehemu yake, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikuwa wapatao milioni 1.4, na bado mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Najua hiari haikufanya kazi hiyo peke yake. Palikuwa na kahawa ya kuuza, matunda na mboga za soko la Nairobi, na mishahara iliyotumwa nyumbani na waume waliokuwa mjini. Mtu hulitunza tuta linalomlipa. Lakini hayo yote hayaipingi hoja; yaonyesha tu kwamba hiari nayo ina tumbo.

Hapa mwanafunzi mwerevu ataniinulia mkono, na namwombea awe mmoja wenu. Atasema: "Mwalimu, hata katika mwethya palikuwa na faini. Asiyefika alitozwa. Je, hiyo si amri?" Swali hili lilinisumbua muda mrefu. Ni kweli, palikuwa na faini. Nyanya yangu mwenyewe alilipa mara moja, na hata alipokuwa mzee alisema alionewa. Jibu langu ni kwamba kuna tofauti baina ya kamba niliyojifunga kwa mkono wangu na kamba niliyofungwa nikiwa nimelala. Faini ya mwethya ilikubaliwa na wale wale watakaotozwa. Waliweza kumwondoa kiongozi aliyewachosha. Na zaidi ya yote, zamu ilimfikia kila mmoja: leo tuko kwako, kesho tuko kwangu. Mjane wa kijiji chetu hakuulizwa kiasi cha kutoa, wala hakuwa na njia ya kusema kwamba amekwisha kutoa.

Mwingine ataniuliza juu ya kodi. Kodi ni ya lazima, nasi hatusemi ni uonevu. Vema. Lakini kodi ina sheria inayotaja kipimo chake, ina njia ya kukata rufani, na mwenye kipato kidogo hutozwa kidogo au hatozwi kabisa. Mchango nao una uzuri wake: hauna kipimo, kwa kuwa watoka moyoni. Ubaya huja vitu hivi viwili vinapochanganywa, yaani mchango unapokusanywa kwa nguvu za kodi bila kuwa na kipimo cha kodi. Hapo maskini hupoteza pande zote mbili. Hana haki ya mlipa kodi, na hana heshima ya mtoaji.

Mchanganyiko huo tumeujua sana katika Kenya. Neno harambee, ambalo Mzee Jomo Kenyatta aliliinua mwaka 1963 likawa wito wa taifa, na ambalo limeandikwa katika nembo ya nchi yetu, lilikuwa neno la wachukuzi waliokuwa wakiinua mzigo mzito kwa pamoja. Kwa neno hilo watu wasiokuwa na kitu walijenga mamia ya shule za sekondari. Pengine wewe unayesoma wakaa katika moja yao. Sitaki mtu yeyote alidharau. Lakini baadaye yalitokea mengi ya aibu chini ya jina hilo. Wananchi walikatazwa huduma za ofisi mpaka waonyeshe stakabadhi ya mchango, na wakubwa wakashindana kutoa mabunda ya noti ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza yametoka wapi. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwazuia maafisa wasitumie vyeo vyao kuchangisha watu. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya taifa. Tangu hapo tumeitwa katika mikutano mingi tupewe chai na soda, tusomewe yaliyokwisha kuamuliwa, kisha tuandike majina yetu. Tumekuwa wengi wa kuandikwa na wachache wa kuulizwa. Mtu aliyewahi kushika daftari huyatambua mambo hayo upesi.

Mwaka jana shule ninayofundisha ilijenga tangi la kuvuna maji ya mvua, wazazi na walimu pamoja. Nilichaguliwa karani, nikacheka moyoni. Safari hii nilipiga safu sita: fedha, siku za kazi, mawe, mchanga, maji, na chakula cha mafundi. Kabla ya kuandika lolote tulikaa chini ya mgunga nusu ya siku tukibishana ndoo ngapi za maji zihesabiwe sawa na siku moja ya kazi. Wako waliochoka wakasema tunapoteza wakati. Mimi naona ile nusu ya siku ndiyo iliyokuwa maendeleo ya jamii, na tangi likafuata. Wanawake wawili ambao sijapata kuwasikia wakisema barazani walisema siku ile, nao ndio walioshinda hoja ya ndoo.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Nyumba tatu hazikuandikwa chochote katika safu yoyote. Moja ni ya mzee kipofu, na ya pili ina mgonjwa wa muda mrefu. Kwa hizo hapakuwa na maneno. Ya tatu ni ya mtu mwenye nguvu na ng'ombe, aliyesema waziwazi kwamba tangi litajengwa hata asipotoa, na ndivyo lilivyojengwa. Watoto wake wawili hunywa maji hayo kila siku pamoja na wenzao. Katika mkutano wa mwezi uliopita baadhi ya wazazi walitaka jina lake lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na wengine wakataka watoto wake waje na maji yao kutoka nyumbani. La watoto tulilikataa pasipo kupiga kura. La jina lilibishaniwa hata jua likatua. Mimi nilisema kwamba niliwahi kusoma majina, nikawaeleza habari za kuku. Mama mmoja akanijibu kwamba mjane yule hakuwa na kitu, na mtu huyu anacho, wala mambo haya mawili si mamoja. Alisema kweli, nami sikuwa na jibu la upesi.

Tulikubaliana tu kwamba wazee wawili waende nyumbani kwake wakaketi naye, wasiende na daftari. Wamekwenda mara moja, wakapewa uji, wakazungumza habari za mvua. Watakwenda tena.